Isiruke Kabla ya Saa Mbili

Uwanja wa Mizigo, Ghala la Pili
Tarehe 4 Februari

Mpwa wangu, Bi Bisibisi,

Pokea salamu nzito, nimezifunga kwa kamba ya mizigo zisidondoke njiani. Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako hajambo. Anasema usilale na nywele mbichi. Mkaza mjomba wako naye yupo, ila amenuna tangu Jumapili kwa sababu nilisema koti langu la harusi limepungua. Akaniambia koti halipungui, tumbo ndilo linaloongezeka. Kesi bado iko mahakamani.

Sasa mambo ya kazi. Wewe unasomea injini za ndege huko chuoni, kwenye madarasa yenye vioo, lakini mjomba wako anaishi nayo. Hii ndege yetu ya mizigo, wapakiaji wenzangu wanaiita Chongo, eti kwa kuwa ina injini moja tu pale puani. Mimi naiita Kengeza. Si ndivyo walivyosema wahenga, ukipenda, chongo utaita kengeza? Basi mimi nimependa. Ina nguvu za farasi mia saba, na farasi wote hao wanakunywa mafuta ya taa yaliyosomeshwa kidogo. Dereva wa lori la mafuta, yule mbishi, aliniuliza juzi, "Mzee wa maghala, hiyo injini moja ikizima, unabaki na nini?" Nikamuuliza, "Wewe una mioyo mingapi?" Akasema mmoja. "Ukizima unabaki na nini?" Akawa anapangusa mikono tu.

Kando ya njia ya kurukia tumepanga mapipa sita meupe. Baada ya pipa la sita kuna mtaro, na ng'ambo ya mtaro ni mawe matupu. Kengeza ikiwa na tani nzima tumboni, ikifika pipa la tatu tu miguu iko hewani. La tatu! Mimi nikiwa nimelala nyumbani, milima saba kutoka hapa, naisikia inavyopumua, najua imebeba mbegu au imebeba misumari.

Tena nimepandishwa cheo, ingawa barua ya cheo haijaandikwa. Fundi wetu ni kama mwezi mpya, anaonekana mara moja kisha unamsubiri. Sasa kuna kitaa cha njano mbele ya rubani, kikiwaka maana yake sumaku iliyo ndani ya mafuta ya injini imenasa kitu. Fundi alinionyesha mara moja tu, nikashika: fungua, chomoa sumaku, pangusa, rudisha. Kitaa kinazima. Kazi ya daktari hiyo! Mwezi uliopita nimeifanya mara nne. Na sumaku kila ikitoka ina ndevu za fedha, nzuri ajabu. Nimekubandikia kidogo hapa chini kwa utepe wa gundi. Wenzako wana picha vitabuni, wewe una kitu chenyewe.

Barua hii inapanda Kengeza yenyewe mpaka mji wa ofisi, halafu basi itakuletea. Mwambie mama yako ukimwandikia kwamba mimi miguu yangu iko ardhini, napakia na kupakua tu, kama nilivyomwapia.

Mjomba wako, sikio la uwanja.

*

Chuoni
Tarehe 20 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua yako imefika na nimecheka hadi mwenzangu wa chumbani akaniuliza nasoma nini. Mimi sijambo. Mitihani ya vitendo inaanza mwezi ujao, na mikono yangu imekuwa myeusi kama ya fundi wa gereji. Mpe pole mkaza mjomba, na katika kesi ya koti mimi niko upande wake.

Mjomba, nimeutazama ule utepe. Mwanzoni nilicheka, baadaye sikucheka tena. Naomba unijibu haya, na unijibu sawasawa, si kwa hadithi.

Mara nne kwa mwezi, na kabla ya hapo ilikuwa mara ngapi? Ndevu hizo ni laini kama vumbi, au ukizisugua kwa kidole zinakwaruza? Mshale wa geji ya joto unasimama wapi ndege ikiruka, palepale pa zamani au umepanda? Rubani anasemaje? Na fundi alikuja lini mara ya mwisho?

Injini ya ndege haina kiungo cha bure, mjomba. Kila unywele unaoukuta kwenye sumaku ni nyama ya kitu fulani ndani. Ikiwa kidogo ni kawaida. Ikiongezeka, kuna kitu kinalika.

Na swali la mwisho. Unasema miguu yako iko ardhini. Umejuaje basi kitaa kinawaka na kuzima wakati ndege iko juu?

Mpwa wako.

*

Ghala la Pili
Tarehe 6 Machi

Mpwa wangu msomi,

Marahaba, tena marahaba ya uzito wa gunia. Huku mvua ilitishia ikaghairi. Mama yako alikuwa na mafua, sasa amepona na ameanza tena kunisahihisha. Koti nimelipeleka kwa fundi cherehani alilegeze kwapani, mkaza mjomba wako asijue.

Umeuliza maswali kama polisi wa barabarani. Nami nakujibu kama mtu mzima.

Kwanza rubani. Huyu tunamwita Kimya, maana maneno yake ya mwaka mzima yanaenea kwenye kibao cha sabuni. Nilimuuliza, "Kimya, mpwa wangu anauliza injini inasemaje." Akagongagonga geji ya joto kwa ukucha, mara tatu. Nikamuuliza tena, "Maana yake nini?" Akasema, "Maana yake nagonga." Mshale umepanda, ndiyo, upana wa kidole kimoja hivi. Lakini mpwa wangu, hata mimi nikipanda ngazi joto linapanda, na hakuna aliyeniandikia barua.

Pili, nguvu. Inaruka vizuri kabisa, pipa la nne. Nasikia utasema zamani ilikuwa la tatu. Mtu mzima haondoki mbio kama mtoto, anaondoka kwa heshima.

Wiki jana juu ya msitu ilikohoa. Kikohozi kimoja tu, kama mzee anayebisha hodi. Kimya akakaza mikono. Mimi nikaiambia, "Kengeza, mama, usituaibishe, tumebeba dawa za wagonjwa." Ikanyooka palepale! Nimeipigia watu hadithi hii mara kumi na moja, na kila mara kikohozi kinakuwa kirefu zaidi, lakini wewe nimekupa kile cha kweli.

Kitaa siku hizi hakitusumbui. Hilo lisikupe mawazo.

Fundi ametuma salamu kwamba anaumwa. Bosi anasema tukiisimamisha ndege, zahanati sita zinakosa dawa na watu wa pampu za maji wanakosa vipuri, nani atawajibu? Mimi nikabeba gunia lililofuata, nikaendelea kupakia.

Nimekubandikia tena za wiki hii. Siku hizi si ndevu, ni kama magamba ya samaki mdogo. Zinang'aa kweli.

Jambo moja. Barua zako ni ndefu na zina mitego. Nazisoma kwa sauti hapa ghalani, watu wananisubiri nikwame. Ukiwa na agizo, liandike kwa kifupi, kama simu ya maandishi. Mimi niliacha shule darasa la tano, tena si kwa hiari yangu. Maneno kumi yananitosha.

Mjomba wako.

*

Chuoni
Tarehe 22 Machi

Shikamoo mjomba,

Natumaini mama amepona kabisa. Mimi mzima. Naandika haraka, basi linaondoka.

Nimempa fundi mkuu wetu utepe wako. Aliutazama kwa kioo cha kukuzia, akaenda kufunga mlango wa karakana, akarudi kuutazama tena. Hajasema mengi. Amesema fanyeni hivi. Kwa kifupi, kama ulivyotaka:

Mbadilishe mafuta na chujio. Msafishe sumaku. Mwashe injini ikiwa chini. Isiruke kabla ya saa mbili. Kisha mfungue sumaku tena, mniandikie mmeona nini.

Mwonyeshe Kimya. Mwonyeshe Bosi. Ibandikeni ukutani.

Hukujibu swali langu la mwisho. Sasa sihitaji jibu, umeshalijibu kwa kikohozi cha juu ya msitu. Mjomba, usipande tena mpaka nikuambie. Mama simwambii.

Mpwa wako.

*

Ghala la Pili
Tarehe 7 Aprili

Mpwa wangu, daktari wa vyuma,

Salamu zako zimefika. Mama yako buheri wa afya. Mkaza mjomba wako ameligundua koti, ameangua kicheko cha nusu saa, na kesi nimeshindwa bila ya wakili.

Sasa tega sikio, maana leo utajivunia damu yako. Agizo lako tumelitimiza herufi kwa herufi! Nililisoma mbele ya ghala zima, sikukwama hata mara moja. Bosi kwanza alikunja uso. Nilipofika mwisho akasema, "Ni hivyo tu? Basi ni jepesi." Mafuta tumebadilisha, chujio jipya, sumaku nimeing'arisha mpaka unaweza kunyolea. Uliposema "mwashe injini ikiwa chini" watu walicheka kidogo. Dereva wa mafuta akauliza tungeiwashia wapi, juu ya paa? Nikamwambia wasomi hawaachi kitu, hata kilicho wazi wanakiandika.

Na ile ya saa mbili ndiyo imenifurahisha zaidi. Unajua zamani tulikuwa tunaruka alfajiri, saa kumi na mbili na nusu, umande bado uko kwenye mabawa. Wapakiaji wakaniuliza, "Kwa nini chuo kinakataza asubuhi?" Nikawaeleza palepale, bila kitabu. Injini ni kama mzee. Mzee ukimwamsha kabla jua halijapasha mifupa, anakwenda siku nzima anachechemea. Mwache apate jua, anywe chai yake, saa mbili mwambie twende. Wakapiga makofi, mpwa wangu! Nimechukua ubao wa sanduku nikaandika kwa rangi nyekundu, nimeupigilia juu ya mlango wa ghala: ISIRUKE KABLA YA SAA MBILI. Tangu siku hiyo haijaruka hata mara moja kabla ya hapo. Saa mbili na dakika tano, saa mbili na kumi. Bosi mwenyewe anatazama saa ya ukutani.

Kimya peke yake hakupiga makofi. Aliutazama ubao muda mrefu. Akasema, "Jua kali, hewa nyepesi." Nikamuuliza hewa ina uzito gani, akaondoka. Kweli kwa jua hilo mshale wa joto umepanda kidole kingine, na inaachia ardhi pipa la tano, mara moja moja tunaliona la sita kwa karibu. Lakini agizo ni agizo, na wewe ndiye uliyesoma.

Jioni nikafungua sumaku tena, kama ulivyosema. Nimekuta kipande kimoja kama ukucha wa mtoto mchanga. Nimekihifadhi ndani ya kibiriti, nitakuletea kwa mkono.

Ndiyo, kwa mkono! Tarehe 3 Mei Kengeza inakuja mji wa ofisi, nami Bosi amenipa kiti cha pili nije kwenye mahafali yako. Kutoka hapo nitapanda basi. Najua umenikataza, najua nilimwapia mama yako. Lakini mjomba mtu aje kumwona fundi wa kwanza wa ukoo huu akiwa juu ya lori la vitunguu? Koti limeshapigwa pasi.

Mjomba wako mtiifu.

*

Mji wa ofisi
Tarehe 26 Aprili

Shikamoo mjomba,

Salamu baadaye. Barua yako ya tarehe saba imenifikia jana. Karani wa ofisi ya mizigo aliisahau chini ya birika lake la chai, ina duara la chai mpaka kwenye sahihi yako.

Mjomba, si saa mbili ya asubuhi. Ni SAA MBILI ZA KUUNGURUMA. Injini iwake, ndege ikiwa imesimama chini, imefungwa, iungurume muda wa saa mbili, bila kuruka. Halafu mfungue sumaku. Mkikuta hata gamba moja, ndege isiruke tena mpaka injini ifunguliwe. Na nyinyi mmekuta ukucha, na mmeruka nao mwezi mzima, tena kwenye jua ambalo linaipunguzia nguvu. Kosa ni langu. Niliandika maneno machache, nikayaacha yajieleze.

Nilipanda basi usiku uleule. Asubuhi hii nimemkuta karani, nimemsihi awaite kwa redio. Akaita: "Chuo kinasisitiza isiruke kabla ya saa mbili, mwisho." Nikamsikia Bosi akijibu, "Haijaruka hata siku moja kabla ya saa mbili, mwisho." Nikamwambia karani, si hivyo, si saa ya ukutani, ni saa za kuhesabu. Akanitazama. "Dada, nimewaambia saa mbili, wamekubali saa mbili. Sasa unataka niwaambie saa tatu?" Nikaomba nishike redio mwenyewe. Akasema redio si ya kufundishia sarufi, akaifunika kwa kitambaa chake, akafunga dirisha.

Posta haisaidii. Gunia la barua linasubiri ndege, na ndege ni hiyohiyo, haiji tena huku mpaka tarehe tatu. Barua hii nampa dereva wa lori la vipuri, ameniapia siku saba. Siku saba ni tarehe tatu. Njia ikiwa nzuri atafika asubuhi.

Usipande. Kimya asipande. Ng'oa ule ubao, mjomba, uuvunje.

Mpwa wako.

*

Mji wa ofisi, ukingoni mwa uwanja
Tarehe 3 Mei

Mjomba,

Sijui barua hii naipeleka wapi. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitatazama juu.

Nimefika hapa tangu asubuhi. Safari ni ya saa mbili, mngeonekana saa nne. Saa nne imepita. Saa tano nimemwendea karani. Alikuwa anakunywa chai, akanivutia kiti, leo ana huruma. Akaniambia, "Tulia dada yangu. Hawa watu siku hizi wanachelewa kuruka. Si wewe mwenyewe uliyewakataza kabla ya saa mbili?"

Saa sita wameanza kuita kwa redio kila robo saa. Saa saba wameacha kuninyamazisha nikiuliza.

Katika barua yako ya kwanza uliniambia unaisikia hata ukiwa milima saba kutoka hapo. Mimi hapa nasikia birika tu.

Saa nane. Haijafika.

*

Pipa la sita
Tarehe 3 Mei

Mpwa wangu,

Leo sina salamu. Niko hai, hilo lijue kwanza, umwambie na mama yako kama atauliza. Niko chini.

Asubuhi nilivaa koti. Watu walipiga vigelegele vya mzaha, dereva wa mafuta akanisujudia. Nikapanda, nikafunga mkanda, kibiriti chenye ukucha kiko mfukoni. Kimya akauzunguka mzigo, masanduku ya vipuri vya pampu, akatazama jua, akatazama mapipa. Halafu akanitazama mimi.

"Shuka."

"Nishuke niende wapi?"

"Wewe na masanduku mawili."

"Kimya, mimi leo ni mgeni wa mahafali!"

"Kilo tisini na tano."

"Tisini!"

"Na koti."

Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Nikashuka nimevimba, hata sikumuaga. Akainama dirishani, akaniita. Hajawahi kuniita. Akasema, "Haina nguvu. Nikirudi, siruki tena." Nikamjibu, "Nguvu umemaliza wewe kwa kununa." Hayo ndiyo maneno niliyompa, mpwa wangu. Siku zote nina hadithi, na leo nilikuwa na hayo tu.

Saa mbili na dakika tano akaachia. Pipa la nne, chini. La tano, chini. La sita, magurudumu bado yanagusa. Majani ya mtaroni yakalala, nikafumba macho. Nilipofumbua ilikuwa juu ya mawe, imeinua pua kidogo tu, inakwenda. Watu wakashangilia. Mimi nilisikia kitu katika mlio wake, kama mtu anayesaga mchanga kwa meno. Kila mtu hapa ninamwambia nina masikio. Leo ninayo kweli, na sikumwambia mtu.

Saa mbili na dakika ishirini na tano lori la vipuri likaingia. Dereva akanipa barua yako.

Nimeisoma peke yangu kwanza. Kisha nimeisoma mbele ya wote kwa sauti, mara hii kuliko zote nilitaka nisikwame, na nikakwama. Hakuna aliyecheka. Bosi akakimbilia redio. Ilikuwa inakoroma tu, hata mji wa ofisi haukupatikana. Nyuma ya vilima haishiki mpaka ndege ivuke upande wenu. Ameita mpaka sauti imemkauka.

Nimeung'oa ubao. Sikuuvunja. Nimeukalia hapa kwenye pipa la sita, kuna kivuli kidogo.

Kuna jingine. Nilikuandikia kwamba kitaa hakitusumbui. Balbu ninayo mimi. Niliichomoa mwezi wa tatu, kwa kuwa kila ikiwaka Kimya alikuwa anakunja uso, nami nilitaka asiichukie Kengeza. Iko mfukoni mwa koti, pamoja na kibiriti. Leo ingewaka, angeiona.

Saa tatu imepita. Mkaza mjomba wako amekuja, amenikuta, amekaa chini kando yangu. Hata koti hakulitaja.

Sasa ni saa nne na dakika tano. Saa mbili zako zimetimia, mama. Injini imeunguruma saa mbili kamili, kama mlivyotaka huko chuoni, ila haikuwa chini. Na hakuna wa kufungua sumaku.

Nakaa kimya nisikilize. Nilikuambia naisikia kutoka milima saba. Sisikii kitu.

Dereva wa lori ananisubiri, anageuza leo hii bila kupumzika. Wewe uko huko ndege inakoshukia. Niliwahi kukuomba uniandikie kwa maneno kumi. Safari hii nakuomba neno moja tu, lolote liwalo, nitalisoma kwa sauti.

Mjomba wako.